Simu Tatu kutoka Madurai

Kwetu msafiri haambiwi. Mtu akiwa ugenini na nyumbani kukazuka ugonjwa mkubwa au msiba, huambiwa kheri tu mpaka atie mguu mlangoni. Wazee wetu waliohama Unguja walikuja na desturi hiyo Maskati pamoja na mbuzi zao za kukunia nazi, nasi watoto wao tukaishika. Naieleza mwanzo kabisa ili asije mtu akadhani kwamba nilidanganywa. Fundi wa kazi hiyo katika nyumba yetu nilikuwa mimi.

Miaka michache kabla ya safari ninayotaka kuisimulia, bibi yetu mzaa mama alifariki. Mdogo wangu wa mwisho, wa kiume, alikuwa Misri anasoma, na mitihani yake ilibakiza wiki tatu. Bibi ndiye aliyemlea. Mama akakata shauri asiambiwe, na kazi ya kupokea simu nikapewa mimi, kwa kuwa mdogo wangu wa kike akiulizwa hali tu hububujikwa na machozi. Niliifanya kazi ile vizuri mno. Niliamuru televisheni iwe imewashwa saa zote, maana nyumba iliyonyamaza hujisema yenyewe. Yeyote aliyelia siku hiyo nilimkataza kuisogelea simu. Marehemu nilimpa shughuli: leo anasali, kesho yuko bafuni, siku nyingine wamemchukua Qantab kubadilisha hewa. Sikusema hata siku moja mara mbili mfululizo kwamba amelala. Halafu nilimmiminia kijana maswali, anakula nini, baridi ikoje, viatu alivyonunua vinambana au havimbani, mpaka akasahau aliloliulizia.

Alirudi na shali aliyomnunulia bibi mkononi. Alipoiona sura ya mama pale mlangoni, alijua. Mwezi mzima hakusema nami, na siku aliyosema alisema hivi: "Dada, ungenambia ningelia, lakini ningelia pamoja na nyie." Nilimjibu kwa ukali kwamba amefaulu mitihani, basi ashukuru. Ndivyo nilivyokuwa, na sijui kama nimebadilika sana.

Wakati wa safari yenyewe miaka ya tisini ilikuwa inamalizika. Tulikaa Khuwair ya Kusini, mtaa wa Maskati, mama, mdogo wangu wa kike na mimi, katika nyumba ya chini yenye sebule ndefu. Baba alikwishafariki. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amepata kazi Sohar na alikuja kwetu Alhamisi na Ijumaa tu. Mimi nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nafanya kazi mapokezi katika kliniki ya meno mitaa miwili kutoka nyumbani. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Mwezi mmoja kabla alilazwa siku nane, akarudishwa na mfuko wa vidonge na amri ya kutokula chumvi.

Amri ile ilimvunja zaidi ya ugonjwa. Mama alikuwa mpishi, na sisemi mpishi wa kubahatisha. Harusi za watu wetu zilikuwa zikipangwa kufuata nafasi yake. Sasa alikuwa akikaa kwenye kochi na bakuli la uji usio na kitu, ananiangalia ninavyokula.

"Hebu nambie," ananiambia, "hiyo pilau imekaaje?"

"Imekaa vizuri, mama."

"Vizuri ndiyo nini? Useme. Karafuu imezidi? Nyama imelainika? Mie sasa nnakula kwa mdomo wako."

Basi nikajifunza kula kwa kusimulia. Nilikuwa mvivu wa maneno hapo mwanzo, akinikaripia, lakini baada ya wiki mbili niliweza kumweleza sahani ya wali kwa robo saa, naye akafumba macho na kutikisa kichwa.

Katika kliniki yetu alikuwapo muuguzi mmoja, mama wa Kitamil, mtu wa Madurai kusini ya Uhindi. Ndiye rafiki yangu mkubwa kazini. Tulisemezana kwa mchanganyiko wa Kiarabu na Kiingereza ambao mwalimu yeyote angeufungia shule. Alipokuwa akija kumtazama mama alikuja na vibakuli: vikate vyeupe vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, ambavyo wao huviita idli, chatne ya nazi, mchuzi wa dengu wenye ukwaju. Mama alionja kwa ncha ya ulimi, akaona ukwaju na nazi vimekutana pamoja kama kwetu, akashangaa kwamba watu hao hawakuwahi kumwalika jikoni kwao. Muuguzi alipopata likizo ya siku sita kwenda kwao, alinambia nifuatane naye. Nilicheka. Mama hakucheka.

"Nenda," alisema. "Ukaone hilo hekalu lao wanalolisifia, ukale kila unachopewa, kisha uje unieleze. Usinirejee na neno vizuri."

Siku tatu kabla ya kuondoka, muuguzi alikuja kumuaga mama. Alipiga magoti mbele ya kochi, akamshika mama kifundo cha mguu, akabonyeza kwa kidole gumba kisha akaondoa mkono. Shimo la kidole lilibaki pale pale kwenye nyama. Alilitazama nami nikalitazama, na mama akateremsha kanga akafunika miguu.

Nje, kwenye ngazi, muuguzi aliniambia tungoje mwezi mwingine. Nikamwambia daktari amekwishampa vidonge vya kutoa maji. Akasema ni kweli, vidonge anavyo. Sikumuuliza zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshanunua sanduku jipya na nilitaka kwenda. Nilichoka na ile nyumba. Nilichoka na kikohozi nyuma ya ukuta, na harufu ya dawa, na kuamka nikisikiliza kama anapumua. Nilitaka siku chache za kuwa mtu asiye na mgonjwa, na leo sioni sababu ya kulificha.

Jumatano mchana nilimwinamia mama nikamwomba radhi, kama mtu anavyoomba akisafiri. Akanipa. Akanishika uso kwa mikono miwili na mikono ilikuwa baridi. Mdogo wangu wa kike akanipeleka uwanja wa ndege wa Seeb. Tuliruka mpaka Trivandrum, tukapanda gari la moshi, na Alhamisi asubuhi tukateremka Madurai.

Hekalu huliona kabla hujauona mji. Minara yake inatokeza juu ya paa za maduka, na kila mnara umejaa masanamu ya rangi kutoka chini hadi kileleni, maelfu na maelfu, miungu, mashetani, wanyama, wengine wana mikono minane, wote wametumbua macho. Mimi ni Mwislamu na nimelelewa kwenye misikiti myeupe isiyo na sura ya kitu. Nilisimama pale barabarani shingo imenipinda. Nilihisi kwamba yale macho yalikuwa yakinijua. Muuguzi alinivuta mkono, akaniambia chai kwanza.

Chai haikuwa chai, ilikuwa kahawa ya maziwa, inamiminwa kutoka kikombe cha shaba kimoja hadi chengine kwa urefu wa mkono mpaka itoe povu. Nikaanza kazi yangu. Nilisema moyoni, mama, kahawa yao ni tamu mbele na chungu nyuma, ina moshi ndani yake. Tulikula idli zilizotoka kwenye mvuke sasa hivi, alama ya kitambaa bado ipo juu yake. Baadaye, karibu na lango la mashariki, nilimkuta mwanamke amechuchumaa mbele ya chuma chenye mashimo ya duara, anamimina unga wa mchele uliochachuka, anageuza kwa kijiti. Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Vitumbua! Chuma kile kile, mkono ule ule wa kugeuza, mafuta yale yale ya tone tone. Walivitia vitunguu na pilipili badala ya iliki, lakini vitumbua. Nikamwambia muuguzi lazima nipige simu sasa hivi, mama hatalala kwa habari hii.

Kila mtaa ulikuwa na kibanda cha simu za nje chenye kibao cha manjano. Kwetu Maskati ilikuwa kama saa tatu na nusu asubuhi. Mdogo wangu wa kike akapokea.

"Dada! Umefika? Alhamdulillahi. Kuna kheri?"

"Kheri. Nipe mama upesi, nna habari."

"Mama anasali."

"Anasali nini saa hizi?"

"Dhuha. Si unamjua mwenyewe. Nambie, mmekula nini? Hoteli ikoje? Kuna joto?"

Mama husali dhuha, sala ya hiari ya asubuhi, hilo lilikuwa kweli. Nikamwelezea vitumbua, akacheka pale panapostahili kuchekwa. Nilipoiweka simu chini nilikuwa nimeridhika nusu. Nusu ya pili ilikuwa imesikia kitu, na ilinichukua mpaka mchana kujua ni kitu gani. Kulikuwa na televisheni nyuma yake, imefunguliwa kwa sauti kubwa. Mdogo wangu huchukia televisheni asubuhi.

Mchana ule tulikula kwenye jani la mgomba, wali na michuzi saba, na nilikula yote. Alasiri tukaingia hekaluni. Unavua viatu, unakanyaga mawe yaliyonyonya jua kutwa nzima. Ndani kuna kumbi za nguzo zisizohesabika, giza linalonuka taa za mafuta na samli, popo juu. Wanawake wamevaa asumini kichwani, na harufu ile ndiyo iliyoniuma, maana ni ya vikuba vya kwetu, vishada vya maua wanavyobandika wanawake, na kwa muda sikujua niko wapi. Tembo wa hekalu alikuwa akiwagusa watu utosini kwa mkonga kuwabariki. Alininyooshea na mimi, nikaruka nyuma, muuguzi akanicheka.

Akanieleza habari ya mungu wao wa kike mwenye hekalu lile. Jina lake ni la macho yanayofanana na samaki. Samaki hana kope, alisema, hafumbi macho, na huyu huwaangalia wanawe hivyo hivyo, usiku na mchana. Tulikuwa tumefika penye kibao kinachosema wasio Wahindu wasipite. Akaniacha kwenye nguzo akaenda kusali. Nilikaa pale peke yangu kati ya askari wa mawe waliochongwa kwenye nguzo, nikimfikiria mama yangu anayeomba nimweleze kila kitu, na mimi mwanawe niliyeelezwa kwamba anasali. Nilijisemesha Kiswahili kwa sauti ili nisikie mtu. Muuguzi alirudi na majivu kwenye paji la uso. "Nimemwombea mama yako," akasema. Nilimuuliza kwa nini, nani kamwomba.

Ijumaa asubuhi nikapiga tena. Mdogo wangu yule yule.

"Kheri tu, dada, kheri tu."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko bafuni."

"Nitangoja."

Televisheni ile ile inapiga kelele. Kisha akasema, haraka, "Atachelewa, kajitia hina."

Mama yangu hakujitia hina tangu baba alipofariki. Mikono yake ilikuwa mitupu miaka sita. Hakuna mtu nyumbani asiyelijua hilo, na mdogo wangu alilijua hata alipokuwa akilisema, kwa sababu nilimsikia akivuta pumzi kana kwamba ametia kidole motoni. Nilisikia pia sauti nyingine karibu na simu, ndogo, kama mtu anasafisha koo. Ningemuuliza. Neno moja lingetosha, angelia, na angesema kila kitu. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukimsaidia.

"Hina? Kafanya vizuri. Basi msalimie, mwambie leo nakwenda kula nyama."

"Nyama gani, dada?" akauliza, na sauti yake ilijaa shukurani.

Nikamwambia nyama gani. Tukazungumza nyama dakika nzima.

Nilipotoka kibandani muuguzi alikuwa amesimama ananingoja. Miaka kumi na mitano alikuwa amewatazama watu wakitoka kwenye milango wakiwa na uso kama wangu. Akasema mjomba wake anakata tiketi, kiti cha kesho asubuhi kutoka Trivandrum kipo, basi la mchana litanifikisha Trivandrum leo hii, na kesho adhuhuri nitakuwa Maskati. Alikuwa ameshauliza kabla hata sijapiga simu.

"Kwa nini nirudi?" nikamwambia. "Nyumbani wanasema kheri."

"Nyinyi mnasema kheri kwa kila kitu."

"Basi ni kheri."

"Nimemshika miguu," alisema.

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia yeye ni muuguzi wa meno, ashughulike na meno. Lilikuwa neno baya. Nataka ieleweke nilikuwa na nini kichwani wakati ule, kwa sababu nimekuwa na miaka mingi ya kukitafuta. Nilikuwa najua. Sikuwa na shaka hata kidogo. Kila kanuni niliyoitunga mimi mwenyewe ilikuwa inatumika juu yangu, na ilitumika vibaya, kwa mkono wa mwanafunzi. Lakini maadamu hakuna aliyeniambia, mama yangu alikuwa bafuni na hina mikononi. Ningepanda ndege, ningemkuta kitandani anatafuta pumzi, na ingenibidi niwe yule mkubwa wa nyumba, wa kuamuru na kushika miguu na kufumba macho. Niliogopa. Nilikuwa nimewafumba macho bibi na baba kwa mikono yangu hii na niliogopa wa tatu. Desturi ilinipa mlango wa kutokea nikapita.

Jioni ya Ijumaa nilikula. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Tulikwenda mahali wanapokaanga nyama ya mbuzi na pilipili manga na majani madogo yanayotiwa kwenye mchuzi mpaka ikauke, wanaitandaza na yai juu ya mkate mwembamba wa mchele, na chapati zao za matabaka wanazipiga kwa viganja viwili zikafumuka. Nilikula nikaongeza. Kisha tukanywa kinywaji chao cha maziwa baridi kinachoitwa jigarthanda, chenye vitu laini vinavyoteleza kama kamasi, kitamu kupita kiasi. Nilikuwa nikitunga maneno ya kumwelezea mama huku nikila, moja baada ya jingine, kwa bidii, kama mtu anayesoma kwa ajili ya mtihani. Muuguzi aliuangalia mkono wangu ukienda na kurudi, wala hakugusa sahani yake.

Jumamosi asubuhi nilipiga simu ya tatu. Akapokea mwanamume.

"Haloo."

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu wa kiume. Siku hizo Jumamosi ilikuwa siku ya kwanza ya kazi kwetu. Alipaswa kuwa Sohar tangu alfajiri.

"Kuna kheri?" nikamuuliza.

Hakunijibu kheri. Nilimsikia akivuta waya wa simu, akifunga mlango. Televisheni ikawa mbali.

"Dada," akasema. "Unataka nikwambie kitu?"

Alisema polepole kabisa, kama anayempa mtoto kisu kwa upande wa mpini. Hakuna katika familia yetu aliyewahi kumuuliza msafiri swali hilo. Nilijua linamgharimu nini, na nilijua linatoka wapi. Nilikuwa nimeshika mkono wa simu kwa mikono miwili. Nje ya kibanda kulikuwa na ng'ombe anatafuna gazeti.

"Hapana," nikasema. "Muulize mama anataka nimletee nini."

Nilimsikia akipumua.

"Hataki kitu," akasema. "Dada, mama hataki kitu." Akakata simu yeye.

Jumapili sikupiga. Nikamwambia muuguzi laini zimeharibika, akasema ndiyo, huharibika. Tulikwenda tena hekaluni, tukakaa kwenye ngazi za bwawa la katikati, na sikumbuki tulichokula siku ile. Jumatatu tukaondoka, na Jumanne asubuhi ndege ikatua Seeb.

Mdogo wangu wa kiume alikuja kunipokea. Alichukua sanduku langu bila kunitazama. Garini hakuwasha redio. Tulipofika karibu na taa za Khuwair akasema, macho yake yako barabarani, "Mpaka sasa hutaki nikwambie?"

"Ngoja tufike," nikasema.

Magari yalikuwa yamepangwa pande mbili za mtaa wetu. Viatu vya kike vilijaa ngazini. Ilikuwa siku ya tatu, siku ya mwisho ya kupokea watu wa rambirambi. Nilipotia mguu mlangoni, kama desturi inavyotaka, wanawake wakainuka wote kwa pamoja, na mmoja wao akaniambia Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kubakia. Nikalia. Nililia kweli, na kilio kile hakikuwa cha uongo, lakini nilikianza pale palipotarajiwa.

Mdogo wangu wa kike alikuja akaniangukia miguuni. Alikuwa hajala siku tatu. Alisema kila kitu mbele ya wale wanawake, kwa sauti ya kukatikakatika, na wala hakuna aliyemzuia. Jumatano usiku mama alizidiwa, saa chache baada ya mimi kuruka. Hospitali walimtazama, wakasema hakuna la kufanya, naye akataka kufia kwake. Kitanda chake wakakiweka sebuleni, karibu na dirisha, pembeni ya simu. Ijumaa nilipopiga alikuwa macho, akili yake yote ipo.

"Alikusikia, dada. Sauti yako ilikuwa ikitoka kwenye simu. Alinyoosha mkono anataka nimpe. Akasema, nipe nimsikie anavyonieleza. Nami nikampa mgongo, nikasema hina. Nikasema moyoni, ukimsikia utajua, utakatisha safari. Alikuwa akikutaka mpaka Jumamosi baada ya Alasiri. Kila gari likisimama nje anauliza kama ni wewe. Nimekunyima mama yako. Nisamehe, dada. Nisamehe."

Jumamosi adhuhuri ningekuwa nimefika. Nilihesabu palepale, nikiwa nimemshika mabega. Ningekuwa na saa tatu, pengine nne.

Wanawake wakaanza kunibembeleza kwa ajili yake. Msamehe, mwanetu, walisema, kafanya wanavyofanya watu, msafiri haambiwi, wala wewe hukujua. Mmoja alirudia mara mbili, maskini, hukujua. Mdogo wangu alikuwa ameinua uso ananitazama, kope zimevimba, anasubiri. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Maneno yalikuwa machache: nilijua tangu ile hina. Nilimwona mdogo wangu wa kiume amesimama kwenye mlango wa jikoni na trei ya kahawa mikononi, na yeye pia anasubiri.

"Nimekusamehe," nikasema.

Mdogo wangu wa kiume aliiweka trei juu ya friji, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hajapata kulitaja jambo hili. Huja kwangu, hula, hunipeleka ninapotaka kwenda, na hajaniita dada tangu siku ile.

Sasa imepita miaka kumi. Muuguzi alimaliza mkataba wake akarudi kwao. Mdogo wangu wa kike ameolewa, ana binti. Kila asubuhi ya Idi, kabla ya kunywa chai, hunijia chumbani, akafunga mlango, akapiga magoti kwenye zulia na kuniomba tena. Husema hajaamini kwamba nimemsamehe kwa moyo wote, kwa kuwa mimi ni mtu mkali na simaanishi kila nisemalo. Husema bado anauona ule mkono ulionyooshwa. Mwaka huu amekuja na binti yake wa miaka saba, amfunze adabu, amwonyeshe mtu akikosa hufanya nini. Mtoto alisimama mlangoni na gauni lake jipya akinitazama. Nilifungua mdomo, na nilidhani safari hii litatoka. Mdogo wangu akanishika magoti akasema, "Dada, mimi ndiye niliyekunyima." Nikamwambia nimekusamehe, mara ngapi nikwambie. Akanibusu mkono, nami nikamwachia aubusu.